Vikundi vya Kina Mama na Umeme wa Nyumbani: Kati ya Kufundisha na Kuuza

Nguzo zikishasimama kijijini na waya ukishavutwa hadi ukutani, wengi huhesabu kwamba kazi ya umeme imekwisha. Katika mikoa ya Mtwara na Lindi dhana hiyo ina nguvu zaidi, kwa sababu gesi ya Songo Songo imekuwa ikizalisha umeme wa taifa tangu mwaka 2004, ile ya Mnazi Bay inaendesha mitambo iliyoko Mtwara kwenyewe, na kwa miaka mingi mazungumzo ya hadharani yamehusu gesi hiyo inakwenda wapi na nani ananufaika nayo. Hasira za mwaka 2013 kuhusu bomba la kwenda Dar es Salaam zilikuwa sehemu ya mazungumzo hayo. Swali linaloulizwa kwa nadra ni lile la jikoni: mita ikishafungwa, umeme unafanya kazi gani ndani ya nyumba, nani anaamua, na huyo anayeamua ameelezwa na nani?

Katika nyumba nyingi za Masasi, Newala, Nachingwea au Ruangwa umeme unawasha taa, unachaji simu na kuendesha redio au televisheni, lakini chakula bado kinaivia kwenye mafiga au jiko la mkaa. Hilo haliwezi kuelezwa kwa umaskini peke yake wala kwa mazoea peke yake. Kati ya umeme kufika na umeme kutumika kuna pengo la maarifa, la fedha na la kuaminiana, na historia inaonyesha kwamba katika nchi kadhaa pengo hilo lilizibwa kwa sehemu kubwa na vikundi vya wanawake vilivyofanya kazi kwa kujitolea. Ugumu ni kwamba vikundi vya namna hiyo havieleweki kirahisi. Ukivitazama kwa mbali hujui kama ni shule ya watu wazima, tawi la muuzaji wa vifaa, chama cha kukopeshana, au mtetezi wa mlaji. Mara nyingi huwa ni vyote kwa pamoja, na hapo ndipo matatizo yanapoanzia.

Mfano uliochunguzwa sana ni wa Uingereza. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, wanawake waliotaka kulinda nafasi yao katika kazi za ufundi waliunda Women's Engineering Society mwaka 1919, na katibu wake wa kwanza alikuwa Caroline Haslett, aliyezaliwa mwaka 1895. Mwaka 1924 mhandisi Mabel Matthews alitoa pendekezo la kuwafikishia wanawake wa kawaida elimu ya umeme, Haslett akalichukua, na mwaka huohuo kikazaliwa chama kilichokuja kuitwa Electrical Association for Women, yaani Chama cha Umeme cha Wanawake, ambacho kiliendelea hadi mwaka 1986. Kilitoa jarida, kilichapisha kitabu cha mwongozo, kiliendesha mihadhara, na kiliandaa mitihani na vyeti kwa wanawake waliofanya kazi ya kuonyesha hadharani matumizi ya vifaa vya umeme. Mwaka 1935 tawi lake la Bristol lilijenga nyumba nzima iliyotegemea umeme, ili watu waingie, waguse na kuuliza.

Kwa nini makampuni ya umeme yalikuwa tayari kukichangia fedha chama cha namna hiyo? Sababu yake ni ya kibiashara na inafaa kueleweka, kwani inahusu kila shirika la umeme popote lilipo. Wakati huo umeme wa majumbani ulikuwa hasa wa taa. Jua likizama kila mtu aliwasha kwa pamoja, na mtambo ulilazimika kuwa mkubwa wa kutosha kubeba saa hizo chache, halafu mchana kutwa mashine hiyohiyo ikabaki bila kazi ya kutosha huku gharama ya kuijenga ikiendelea kulipwa. Jiko, pasi na birika vilikuwa njia ya kuuza umeme saa ambazo taa zimezimwa. Mwanamke aliyebaki nyumbani mchana ndiye aliyekuwa mteja wa kujaza pengo hilo.

Haslett naye alikuwa na lengo lake, ambalo halikuwa la kibiashara. Aliamini kwa dhati kwamba kazi ya nyumbani ya siku zile, ya kuchukua makaa ya mawe, kuzoa majivu, kuchemsha maji ya kufulia na kusugua masizi, ilikuwa inawamaliza wanawake, na kwamba umeme ungewaachia muda na nguvu za kusoma, kufanya kazi na kushiriki mambo ya umma. Malengo hayo mawili, la muuzaji na la mkombozi, yalitembea njia moja kwa muda mrefu, na kwa sababu yalikuwa njia moja ilikuwa vigumu kujua nani anamwongoza nani. Wanahistoria wanaokitazama chama kile hubishana hadi leo juu ya hilo. Kwa maoni yangu ubishi huo haumaliziki kwa kuchagua upande mmoja. Kinachofaa ni kuuliza jambo dogo zaidi: katika suala hili mahususi, chama kilikuwa kinajibu swali la nani?

Yapo masuala ambayo kilijibu swali la muuzaji. Uingereza ya miaka ya 1930 ilikuwa na gesi ya kupikia katika nyumba nyingi, na kampeni ya jiko la umeme ilikuwa pia vita ya kibiashara dhidi ya makampuni ya gesi. Wanachama wengi walikuwa wanawake wa tabaka la kati, waliokuwa na uwezo wa kununua walichokisifia. Chama kilipochapisha mwaka 1935 ripoti kuhusu umeme katika nyumba za wafanyakazi, kilikutana na ukweli ambao mihadhara haikuweza kuubadilisha: mama wa nyumba ya kipato kidogo hakuhitaji kushawishiwa kwamba pasi ya umeme ni nzuri, alihitaji kuweza kuilipia.

Lakini lipo suala ambalo kilijibu swali la mtumiaji, na matokeo yake tunayashika kwa mikono kila siku. Mwaka 1942, vita vikiendelea, iliundwa kamati ya wataalamu ya kupanga mfumo wa umeme wa nyumba zitakazojengwa baada ya vita. Kati ya wajumbe 20, Haslett alikuwa mwanamke pekee, na sauti yake ilikuwa juu ya usalama wa nyumbani. Ripoti ilitoka mwaka 1944, na kiwango cha plagi na soketi kilichotokana nayo, BS 1363, kilichapishwa mwaka 1947. Hiyo ndiyo plagi ya pini tatu bapa iliyoenea Tanzania. Ukiitazama soketi yake kwa makini utaona kwamba matundu mawili ya chini yamezibwa kwa ndani na vifuniko vidogo, ambavyo hufunguka pale tu pini ndefu ya juu, ile ya waya wa ethi (unaopeleka umeme uliovuja ardhini), inapotangulia kuingia. Vifuniko hivyo viliwekwa ili mtoto akichokoa tundu kwa msumari asiufikie umeme.

Sasa tazama kinachotokea katika nyumba zetu. Chaja imekuja na pini mbili za mviringo, soketi inakataa, na mtu anachukua kalamu au kijiti, anakisukuma katika tundu la juu hadi vifuniko vifunguke, kisha anaisukuma chaja ndani. Kila mwenye nyumba anaijua mbinu hii, na watoto wameiona. Kwa kitendo hicho kinga yote iliyofikiriwa kwa ajili ya mtoto inaondolewa mbele ya macho ya mtoto mwenyewe, naye anajifunza namna ya kuiondoa. Ndani ya plagi kuna fyuzi pia, ya ampea 3 kwa kifaa kidogo au 13 kwa birika na pasi. Ikiungua, wako wanaoizungushia waya au karatasi ya ndani ya pakiti ya sigara ili kazi iendelee. Mkandarasi aliyetandaza nyaya ameshaondoka na hakuulizwa. Muuzaji wa duka hana sababu ya kueleza. Mtu anayeweza kulisema hili jikoni kwa jirani, mara tatu, mara nne, bila kuonekana anadharau, ni mwanamke mwenzake wa kikundini. Sioni kazi ya kujitolea yenye thamani zaidi kuliko hiyo.

Ireland inatoa mfano mwingine, na kwa hali ya vijiji vyetu huenda unatufaa zaidi kuliko ule wa Uingereza. Umeme wa vijijini ulipoanza kusambazwa huko mwaka 1946, kila eneo lilipigiwa kampeni nyumba kwa nyumba, na maeneo yenye watu wengi waliokubali kujiunga yalipewa nafasi ya mbele. Wengi walisita kwa sababu ya ada ya kudumu, na wengine walikubali kisha wakajitoa. Chama cha wanawake wa vijijini, Irish Countrywomen's Association, kilifanya maonyesho na mafunzo, lakini hakikuishia kwenye jiko. Kilidai maji ya bomba, kwa hoja kwamba pampu ya umeme inamtua mwanamke ndoo kabla ya kitu kingine chochote. Anayeijua nyanda ya juu ya Makonde ataielewa hoja hiyo mara moja. Newala na Tandahimba zimeishi miaka mingi zikitegemea maji yanayosukumwa kutoka chini hadi juu kwa pampu, na umeme ukiyumba kwenye chanzo cha Mitema, foleni ya ndoo inaonekana juu mlimani. Kikundi cha wanawake kinachozungumzia umeme huko bila kuzungumzia pampu na mashine ya kusaga kitakuwa kimeanzia mwisho.

Turudi jikoni, kwa sababu Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa Mei 2024, unalenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ifikapo mwaka 2034, na vikundi vya wanawake vinatajwa kila mahali kama wabebaji wa ujumbe huo. Ujumbe wenyewe ni upi? Mara nyingi husemwa kwa sentensi moja, kwamba kupika kwa umeme ni nafuu. Sentensi hiyo ni kweli kwa hali fulani na si kweli kwa hali nyingine, na mama anayeichukua bila maelezo anaweza kujikuta ameumaliza mwezi kabla ya tarehe.

Hesabu ni hii. Uniti moja ni wati 1,000 kwa saa moja. Taa ya LED ya wati 7 ikiwaka saa 5 kila siku hutumia takriban uniti moja kwa mwezi mzima. Birika la wati 2,000 linatisha kwa ukubwa wa namba yake, lakini kuchemsha lita moja ya maji huchukua dakika tatu hadi nne na kugharimu karibu sehemu moja ya kumi ya uniti. Jiko la koili la wati 1,500 likichemsha mbaazi kavu kwa saa mbili bila kupumzika litakula uniti tatu. Jiko la presha la umeme la wati 1,000 huvuta umeme mfululizo hadi presha ijae, kisha hujizima na kujiwasha kidogokidogo, na kwa sufuria hiyohiyo ya mbaazi mara nyingi halifiki nusu uniti.

Katika bei zilizopangwa mwaka 2016 na EWURA, mamlaka inayodhibiti huduma za nishati na maji, mteja mdogo wa kundi la D1 alilipa shilingi 100 kwa uniti hadi uniti 75 kwa mwezi, ambayo pamoja na kodi na tozo ilifika shilingi 122. Kila uniti iliyozidi 75 ilikuwa shilingi 350 kabla ya kodi. Kwa bei ya chini, mbaazi za jiko la presha ni kama shilingi 61, na zile za koili ni shilingi 366. Tofauti hiyo peke yake ni kubwa. Kubwa zaidi ni kwamba uniti 75 kwa mwezi ni uniti mbili na nusu kwa siku, kwa hiyo sufuria moja ya koili inakula sehemu ya siku nzima na kuvuka, na mwenye koili anasukumwa haraka kuelekea bei ya juu. Ndiyo maana maneno "kupika kwa umeme" hayatoshi. Kifaa gani, kwa chakula gani, na ukiwa katika kundi gani la bei, hayo ndiyo yanayoamua.

Hata jiko la presha halimalizi kazi. Ugali wa muhogo husongwa. Unahitaji moto wa wazi chini ya sufuria iliyotulia na mkono wenye nguvu juu ya mwiko, na katika chungu cha presha hausongeki vizuri. Mwenye busara atachemshia mbaazi, kunde na nyama kwenye presha, na ugali atausonga kwenye gesi ya mtungi au mkaa. Umeme ukikatika, atahitaji pia kitu cha kurudia. Kikundi kinachoweza kuyasema haya hadharani, kikakubali kwamba mtungi una kazi yake na jiko la umeme lina kazi yake, kitaaminiwa. Kinachosifia kifaa kimoja kwa kila kazi kitaulizwa, na ni haki kiulizwe, nani amekituma.

Na hapa tunafika kwenye fedha. Vikundi vingi vya kina mama wa Mtwara na Lindi havikuanza kwa ajili ya umeme. Vilianza kama vikoba, yaani vikundi vya kuweka akiba na kukopeshana, na nguvu yake ni utaratibu wake. Katika kikao cha kikundi kimoja cha Mikindani nilitazama sanduku la chuma likiwekwa katikati ya mkeka, wanachama watatu tofauti wakafungua kufuli tatu tofauti kila mmoja na ufunguo wake, kisha hisa, mkopo na mfuko wa jamii vikahesabiwa kwa sauti ili hata asiyesoma asikie. Mama mmoja alipotaka kuzungumzia majiko yaliyoletwa na mfanyabiashara, alisimama akasema, "Mwenyekiti, shikamoo, mimi nina swali: hili jiko tukimletea mteja, kikundi kinapata nini?" Mwenyekiti alijibu kwamba kuna kamisheni. Yule mama akaomba iandikwe kwenye daftari kama vinavyoandikwa vitu vingine, ikaandikwa, na kikao kikaendelea.

Nadhani mama yule aliugusa mzizi wa suala zima. Kamisheni si dhambi, wala mkopo wa jiko si kosa. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, na asilimia 4 ni ya wanawake. Kikundi kinaweza kuitumia kununua majiko na kuyalipia kwa awamu. Msimu wa korosho, kati ya Oktoba na Januari, huleta fedha ya mkupuo ambayo miezi mingine haipo, na kikundi kinachopanga kuvunja kikoba au kununua vifaa kwa kufuata msimu huo kinamsaidia mwanachama kuliko duka linalomdai kila mwezi bila kujali mavuno. Kosa huanza pale anayefundisha anapolipwa kwa kila anachouza na wanaofundishwa hawajui. Akishalipwa hivyo, hatakuwa wa kwanza kusema kwamba fundi aliyeweka nyaya hakuchimbia ethi, au kwamba jiko lile linaungua waya baada ya miezi michache, au kwamba nyumba fulani ingefaa kuanza na taa na pasi tu.

Yapo pia maarifa ambayo hayana budi kubaki kijijini baada ya mwezeshaji kuondoka. Wako wanawake wa vijiji vya Mtwara na Lindi waliopelekwa Tilonia, Rajasthan nchini India, katika mpango wa Barefoot College, wakajifunza kwa miezi sita kuunganisha na kutengeneza mitambo midogo ya umeme wa jua. Mpango huo hupendelea wanawake watu wazima, wakiwemo bibi wasiosoma sana, kwa sababu hao hawana haraka ya kuhamia mjini. Umeme wa gridi una taratibu zake za kisheria, na si kila mtu anaruhusiwa kugusa nyaya zake, lakini kanuni inabaki: mtu anayejua kusoma mita, kukagua fyuzi na kutambua harufu ya soketi inayoungua awe jirani, asiwe mgeni.

Vijijini ada ya kuunganishwa ya shilingi 27,000 imepunguza kizuizi cha kwanza, na kwa nyumba ndogo kifaa cha UMETA, yaani Umeme Tayari, kinaondoa gharama ya kutandaza nyaya nyumba nzima. Mijini kizuizi ni kingine, na sijaona kikilengwa na kampeni yoyote ya majiko. Katika mitaa mingi ya Mtwara na Lindi mjini, wapangaji wanne au watano wanatumia mita moja ya Luku, ile ya kulipia umeme kabla ya kuutumia. Wanachanga kwa chumba, si kwa matumizi. Anayepika kwa umeme anaonekana mwizi wa uniti za wenzake, mwenye nyumba anapiga marufuku jiko, birika na wakati mwingine hata pasi, na matumizi ya vyumba vyote yakijumlishwa yanavuka uniti 75, kwa hiyo hata anayewasha taa moja hawezi kupata bei ya mteja mdogo. Mpangaji wa namna hii akifundishwa faida za jiko la presha siku nzima, jioni atarudi kwenye mkaa, na hatakuwa amekosea.

Hapa kikundi cha mtaa kinaweza kufanya jambo ambalo mtu mmoja akilifanya ataambiwa ahame. Kinaweza kumwendea mwenye nyumba kwa heshima, pamoja na mjumbe wa shina au mwenyekiti wa mtaa, na kupendekeza mita ndogo za ndani zinazosoma matumizi ya kila chumba, au maombi ya mita ya pili kwa gharama ya kuchangia. Makubaliano yaandikwe: nani ananunua uniti, nani anasoma mita na siku gani, na kodi ya jengo inayokatwa kupitia Luku inabebwa na nani, kwa kuwa mara nyingi mpangaji huilipa bila kujua kwamba ni ya mwenye nyumba. Onyesho la jiko lifanyike baada ya karatasi hiyo kusainiwa.